Mahindi Mawili ya Bwana Shamba

Tumsifu Yesu Kristo.

Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu. Sauti yangu ni ndogo, nilihitaji kuazima ya kwenu kidogo ndipo nianze. Padre, shikamoo. Mama Mwenyekiti wa jumuiya yetu, shikamoo, nakuona pale nyuma, na najua umekuja kuhakikisha siruki mahali.

Mnaona nimeshika daftari. Sitaweza kusema bila kusoma. Nimeandika haya kwa siku kumi na moja, kila nikitoka kazini, kwa sababu naandika polepole. Ninyi mnaoanza mafunzo leo ni walimu, wauguzi, makarani wa posta, mafundi wa barabara. Mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kusaga unga kwenye mashine pale Lizaboni, Songea, na huu weupe mnaouona kwenye nyusi zangu si mvi. Nilioga, lakini hautoki wote.

Nimeombwa niwaambie jinsi nilivyoanguka. Sitataja jina la mtu. Aliyehusika yumo humu ndani, na mkimtambua, basi mtamtambua kwa sababu atakuwa anacheka.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na wivu. Sisemi wivu wa siku moja, wa kuona mtu kavaa shati zuri ukapita. Wangu ulikuwa na umri wa miaka kumi. Nilikuwa nauamsha asubuhi na kuulaza jioni kama mtoto.

Mimi na mwenzangu tuliketi dawati moja tangu darasa la kwanza mpaka la saba, kule upande wa Maposeni. Yeye alikuwa mzuri wa hesabu, mimi mzuri wa insha. Hesabu alininong'oneza, insha nilimnong'oneza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akisoma insha zangu mbele ya darasa, na daftari langu alilipeleka darasa la sita wakaone mwandiko. Mwaka tuliomaliza, shule yetu ilipata nafasi moja tu ya sekondari. Jina lilisomwa mstarini. Mwalimu mkuu alipofungua karatasi, mimi nilikwisha kuinua mguu mmoja ili nitoke mbele. Jina likawa la mwenzangu.

Nadhani mguu ule haujashuka mpaka leo.

Alikwenda. Aliniandikia barua mbili, sikujibu. Miaka ikapita, na mambo ya nchi yakabadilika. Mahindi hayakuwa tena ya chama cha ushirika peke yake, malori ya wafanyabiashara yalifika mpaka vijijini, na mtu mwenye uwezo aliruhusiwa kununua mashine yake mwenyewe. Ndivyo Mzee wangu wa kazini, Mwislamu wa Tunduru aliyeuza korosho mpaka akazichoka, alivyofungua mashine ya kusaga Lizaboni na kuniajiri. Mimi na mama yangu tukahamia hapo, tukapata chumba na kieneo cha kulima nyuma ya nyumba.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo nilichaguliwa kuwa katibu. Msinipigie makofi. Siku ya uchaguzi kila mtu alikuwa akitazama chini, nami kwa aibu yangu nilikuwa nikitazama chini kuliko wote, wakadhani nimekubali. Baadaye walipoona mwandiko wangu walifurahi, ila kasi yangu iliwatesa. Jumamosi asubuhi, tukimaliza kusali, nikianza kuandika barua, wazee walikuwa wakiulizana, "Katibu amefika wapi?" Mmoja anachungulia na kujibu, "Bado yuko kwenye tarehe." Wanacheka. Hata mimi nilicheka. Kumbukeni kicheko hicho, kwa sababu nitakitumia vibaya sasa hivi.

Jumamosi moja ikaja pikipiki. Ikasimama karibu na mkeka, mwenye nayo akavua helmeti, akaiweka chini karibu na sanamu ya Bikira Maria, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, naomba kukaribishwa." Alikuwa mwenzangu. Amekuwa bwana shamba, amepangishwa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Aliponiona aliruka watu wawili kuja kunikumbatia. "Wewe! Mwandiko! Bado hai?"

Nikasema, "Nipo."

Tangu siku ile jumuiya yetu ikawa na jua jingine. Kusali kukimalizika, watu wanamzunguka. Bwana shamba, majani yangu yana madoa. Bwana shamba, mbegu hii ya dukani ni ya kweli? Kina mama waliokuwa wakiniuliza mimi siku ya mazishi ya fulani, au zamu ya nani kufagia kanisa, wakawa wanamuuliza yeye, naye hajui, anageuka na kuniuliza mimi kwa sauti, kisha anawajibu. Jibu langu likipita mdomoni mwake, walilishukuru. Nilikuwa nikiitazama ile helmeti chini na kufikiria kuipiga teke. Sikuipiga. Nilikuwa nikihesabu tu hatua mpaka ilipo. Zilikuwa nne.

Kisha Padre akatangaza mafunzo haya. Alisema nyakati zinageuka, biashara zimefunguliwa, vyama vimekuwa vingi, na Kanisa linahitaji vijana walei wenye taaluma watakaosimama na imani yao kazini, na watakaojua mila za kwao vizuri, si kuzidharau wala kuziabudu. Kila anayeomba alete vitu viwili. Kwanza barua ya jumuiya kwamba anajulikana na anasali. Pili, ukurasa mmoja au miwili alioandika mwenyewe kuhusu desturi moja ya kwao na Injili. Vyote vitiwe kwenye bahasha moja, na katibu wa jumuiya aifikishe parokiani kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Mnajua ninyi wenyewe kwamba bila barua ya jumuiya kwetu hapa hata mtoto habatizwi.

Niliposikia "desturi" na "kuandika" moyo wangu uliruka. Halafu nikasikia "wenye taaluma." Ukakaa.

Jioni moja ya mwezi huo wa Novemba mwenzangu akaja nyumbani. Mama akamletea kigoda, akakikataa, akaketi mkekani pamoja nami. Akasema, "Ndugu yangu, nisaidie. Mimi nimekulia bweni. Desturi za kwetu nazijua kama mgeni. Babu yako alikuwa na jambo lake la mahindi, nakumbuka tukiwa wadogo. Lilikuwaje?"

Hapo nieleze, maana wengine hamlijui. Ni la nyumba yetu, sijui kama wengine wanalo. Babu mzaa baba hakuruhusu mtu aonje mahindi mabichi ya mwaka mpaka mawili ya kwanza yamepelekwa kwa mtu aliyekosana naye. Na si kupelekwa tu, mpaka yule mtu ayale. Asipoyala, nyumba nzima inangoja. Bibi alikuwa akimwambia mwezi wa pili, "Mzee, mwaka huu ukigombana, gombana na mtu mwenye njaa."

Basi nikaanza kumweleza mwenzangu. Kuongea kwangu nako ni kama kuandika kwangu. Nikamwambia juu ya yale mawili ya kwanza, na kwamba nyumbani hamna anayekula kabla hayajaliwa kule yalikopelekwa. Radi ikapiga upande wa Matogoro. Akatazama juu, akatazama pikipiki.

"Nimeelewa," akasema. "Anayelima anakula wa mwisho. Hii ni Injili tupu!" Akavaa helmeti.

Alikuwa hajasikia ni nani anayepelekewa. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nilisema moyoni, nenda. Umechukua nafasi ya sekondari, umechukua kina mama wa jumuiya, sasa unaondoka na babu yangu kwenye pikipiki ya serikali. Nenda naye nusu.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilimpitisha bila ubishi. Mzee mmoja akasema, "Sasa katibu asituaibishe." Mama Mwenyekiti akajibu, "Katibu wetu haaibishi mtu. Anachelewesha tu." Wakacheka. Mwenzangu akanikabidhi bahasha yenye maandiko yake ndani, haijafungwa, nitie na barua.

Ndugu zangu, sikilizeni hapa. Barua ile niliimaliza Jumatatu. Umeme ulikatika asubuhi, mashine ikalala, nikakaa juu ya gunia nikaiandika yote mpaka sahihi, nikaandika na tarehe. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nikaitia kwenye bahasha, bahasha nikaitia kwenye daftari la jumuiya, daftari nikaliweka juu ya rafu ya mikanda ya mashine. Parokia ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Sikwenda. Jumanne sikwenda. Jumatano mwenzangu akapita, injini inanguruma. "Katibu! Ile barua?"

"Bado naandika," nikasema.

Akacheka. "Usiharakishe, usije ukaharibu mwandiko."

Mnaona? Sikuhitaji kutunga uongo. Uongo wangu ulikuwa umetungwa na jumuiya nzima kwa miaka miwili, wakinitania. Nilichofanya ni kujificha ndani yake. Ijumaa aliuliza tena, nikamwambia nimefika katikati. Jumapili ya kwanza ya Majilio majina yalisomwa kanisani. Lake halikuwamo. Aligeuka akanitazama kutoka benchi la mbele. Mimi nilikuwa nimeshika rozari, nikawa ninaitafuta ile shanga niliyoishia, na wala sikuwa nimeanza.

Nje akaja. Nikamwambia barua haikukamilika kwa wakati, si unaujua mwandiko wangu. Nilisubiri agombe. Nilitaka agombe. Mama Mwenyekiti akaingia katikati, akasema, "Kosa ni letu. Tulimtwisha maskini mzigo mkubwa kwa wiki moja." Na mwenzangu akasema, "Kweli, ningempa mapema."

Wakanihurumia! Mama mmoja alinipa ndizi.

Nilidhani sasa nitapumzika. Januari wenzake wakaondoka na mabegi yao kuja hapa kituoni, yeye akabaki Lizaboni, mimi nikangoja ile furaha ifike. Haikufika. Kila mtu akawa anamsikitikia. Wakimwona wanasema, "Pole, bwana shamba, mwakani Mungu akipenda." Naye anajibu vizuri, anatabasamu, anakagua mahindi yao bure. Hata mahindi ya mama yangu aliyakagua, akamwonyesha namna ya kuwatoa viwavi. Mama akasema mezani, "Kijana yule ana moyo." Nikaona hata kunyimwa amenyimwa vizuri kuliko nilivyonyimwa mimi. Mimi niliponyimwa hakuna aliyenipa pole. Waliniambia, haya, kachukue jembe.

Ndivyo wivu ulivyo. Ukimshusha mtu, unabaki kumwonea wivu hata kule chini ulikomshusha.

Ikafika mwezi wa tatu, Kwaresima. Siku moja mkanda wa mashine ulikatika, wateja wakaacha madebe yao wakaenda zao, nikabaki mimi na Mzee. Yeye alikuwa amenunua mahindi mabichi barabarani, akawasha mkaa kidogo nje, anachoma. Akanipa moja. Nilipanda kwenye rafu kutafuta mkanda mwingine, daftari likaanguka, bahasha ikatoka.

Miezi yote ile sikuwa nimesoma maandiko ya mwenzangu. Niwaambie kwa nini. Niliogopa yasije yakawa mazuri. Siku ile, sijui kwa nini, pengine kwa sababu mkono mmoja ulikuwa na hindi la kuchoma na nilikuwa nimeshiba, niliyasoma. Nilipofika katikati nikapiga kelele ya furaha.

Mzee akashtuka. "Kuna nini, karani?"

"Amekosea!" nikasema. "Mzee, msomi amekosea! Sikiliza." Nikamsomea. Mwenzangu alikuwa ameandika kwamba wazee wa kwetu walipeleka mahindi ya kwanza kwa maskini na wajane. Maneno yalikuwa yamepangwa vizuri, na mstari wa Biblia umo. "Si kwa maskini!" nikasema. "Mtu yeyote anaweza kumpa maskini. Babu alipeleka kwa mtu aliyekosana naye, na hakula mpaka yule amekula. Hawa wasomi wanachukua vitu vyetu, wanavilainisha. Hajui kitu huyu!"

Nawaambia, tangu siku ile mstarini sikuwahi kuwa na furaha kubwa hivyo. Nilikuwa natafuna na kucheka.

Mzee akageuza hindi lake kwenye mkaa. Yeye haongei haraka. Akaniuliza, "Sasa wewe mwaka huu umempelekea nani?"

Punje zilikuwa mdomoni.

"Na hiyo bahasha," akasema, "yenyewe inafanya nini kwenye rafu yangu?"

Nikamweleza. Kwa mara ya kwanza nilisema kwa sauti. Barua ilikamilika Jumatatu. Sikuipeleka. Nilipomaliza, Mzee aliniangalia kama anavyoangalia unga uliosagwa na mchanga.

"Subhanallah," akasema. "Amana ya mtu umeilaza kwenye mikanda? Mimi nakuachia ufunguo wa mashine, kijana. Nakuachia mahindi ya watu." Akaacha hapo. Baadaye akaongeza, "Hasidi hana sababu, wazee walisema. Wewe unazo, nimezisikia, tena nyingi. Lakini hilo hindi, wallahi, ningekuwa mimi ningelitema."

Sikulitema, lilikuwa limekwisha kushuka. Lakini nusu iliyobaki niliiweka chini, na mahindi mabichi sikuyaonja tena mwaka ule.

Kesho yake asubuhi nilivunja mawili nyuma ya nyumba, yaliyojaza vizuri. Nikachukua bahasha. Nyumba tatu tu, ndugu zangu, lakini nilisimama mara mbili njiani kama mzee. Nilimkuta anapangusa pikipiki.

Nikampa bahasha kwanza. Akasoma barua. Akatabasamu kidogo kwa mwandiko. Kisha jicho lake likafika juu, kwenye tarehe.

"Hii ni Jumatatu ile ile?"

"Ndiyo."

"Jumatano nilipopita..."

"Ilikuwa kwenye rafu."

"Na mimi nikakwambia usije ukaharibu mwandiko." Akakunja barua, akaikunjua tena. "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kusema, yakapotea yote. Nikasema, "Jina lilisomwa lako."

"Jina gani? Lini?" Halafu akakumbuka. "Mstarini? La saba? Wewe, mimi nilikuwa na miaka kumi na minne! Nililisoma mimi lile jina?"

"Hapana."

"Basi?"

Nikamnyooshea yale mahindi. Nikamwambia, "Pia umekosea kwenye maandiko. Si kwa maskini. Ni kwa mtu mliyekosana naye."

"Kumbe! Mbona hukuniambia siku ile?"

"Uliwasha pikipiki."

"Ungeniita!"

"Ungesubiri!"

Tulikuwa tunapigiana kelele kama watoto wa darasa la tatu, mpaka mwenye nyumba akafungua dirisha. Mwenzangu akashusha sauti. "Weka hapo juu ya tanki," akasema. Nikayaweka. "Sasa nenda. Sitayala leo, na sijui nitayala lini."

Hilo ndilo sikulitegemea. Kwenye hadithi za babu, yule mtu hula. Sikuwahi kufikiria wale walioacha mahindi yakauke.

Jumamosi nikasema mbele ya jumuiya. Sijui nilisimamaje. Nilisema nikitazama mkeka, na nilisema haraka, mimi niliyekuwa sijawahi kufanya jambo haraka. Nikamaliza kwa kusema naacha ukatibu, nikaweka daftari na kalamu mbele ya Mama Mwenyekiti.

Kisha yule mama aliyenipa ndizi akasema, "Na ndizi yangu alikula."

Hakuna aliyecheka. Mama Mwenyekiti akalisukuma daftari likarudi kwangu. "Unataka tukupumzishe?" akaniuliza. "Hapana, mwanangu. Utaandika barua nyingine ya kumwombea nafasi ya mwakani, na ya kumweleza Padre kwa nini ile ya kwanza haikufika. Utaiandika hapa. Sasa hivi. Sisi tunakungoja."

"Mama, itachukua..."

"Tunajua itachukua muda gani. Tumekungoja miaka miwili, leo tutashindwa?"

Nikaandika. Watu ishirini wameketi, jua linapanda, watoto wanalia njaa, hakuna aliyeinuka. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kona ya mkeka, helmeti mapajani. Nilipofika kwenye neno "sikuifikisha" mkono ulisimama, na hapo ndipo nilimsikia yule mzee wa siku zote akiuliza taratibu, "Amefika wapi?" Jirani yake akachungulia. Safari hii hakutania. Akajibu, "Amefika penyewe."

Hapo ndugu zangu nililia, na tone likaangukia karatasi, ikabidi nianze upya ukurasa. Nikasikia mtu akiguna, "Ee Mungu wangu." Ndipo walipocheka.

Jumatatu niliipeleka mwenyewe parokiani. Padre aliisoma nikiwa nimesimama. Mafunzo ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha. Aliniambia jina la mwenzangu litaingia mwaka unaofuata, kama hatahamishwa na serikali. Hilo "kama" nililibeba miezi yote. Kila nikisikia pikipiki asubuhi nilihesabu kwamba bado yupo.

Na mahindi? Lizaboni nzima ilikuwa inanukia mahindi ya kuchoma. Mama alichemsha sufuria zima, akanikaribisha, nikala ugali na majani ya maboga. Akaniuliza kama meno yananiuma. Nikamweleza. Desturi ya baba mkwe wake aliijua, hakuuliza tena, ila na yeye akasogeza sufuria pembeni, akawapa watoto wa jirani. Hilo liliniuma kuliko yote.

Pasaka ikapita. Mahindi ya shambani yakakauka, watu wakavuna, mashine ikajaa kazi. Mwezi wa sita, saa za mchana, pikipiki ikasimama mbele ya mashine. Mwenzangu akaingia na kibakuli kilichofunikwa. Mle ndani mlikuwa na yale mahindi mawili. Alikuwa ameyatundika jikoni juu ya moshi, yakawa meusi.

"Nimeyachemsha tangu alfajiri," akapiga kelele juu ya sauti ya mashine. "Hayaivi!"

Mzee akazima mota. Mwenzangu akang'ata. Tukamsikia anavyotafuna, krup, krup, kama mbuzi anayekula kokoto. Alitafuna muda mrefu, akameza, macho yakamtoka. Kisha akanipa la pili. "Kula basi. Mama yako amengoja vya kutosha."

Mzee akasema, "Taratibu, mtang'oka meno, na daktari wa meno Songea simjui."

Tulikula yote mawili. Ilichukua karibu saa nzima, na wateja walisubiri na madebe yao. Hatukusema maneno ya kusameheana. Alipomaliza alitoa kalamu mfukoni na ukurasa mmoja mweupe, akaketi kwenye gunia, akasema, "Haya. Nieleze tena ya babu. Sina safari leo." Nikamweleza mpaka mwisho. Hakusimama.

Ukurasa ule ndio uliomfikisha hapa. Yumo humu ndani, na kama nilivyowaambia, anacheka.

Namshukuru yeye. Namshukuru Mzee wa mashine, ambaye leo amebaki anasaga peke yake ili nije. Namshukuru Mama Mwenyekiti, na wote ishirini walioketi juani. Mama wa ndizi, deni lako nalikumbuka.

Nanyi mnaoanza leo, mimi si wa kuwafundisha, lakini Padre amesema nitoe neno. Mtatumwa kuwa viongozi, na mtakwenda kwa watu kama mimi kuuliza desturi za babu zao. Zimeni pikipiki. Mtu anayeongea polepole huweka jambo lenyewe mwishoni. Na mjue pia kwamba kila mliko, yupo mtu ameshika barua yenu, na huenda ana sababu zake za zamani ambazo ninyi hamzikumbuki.

Je, wivu wangu umekwisha? Nimesimama mbele ya Sakramenti, sitawadanganya. Nimefika tangu asubuhi, nimewaona mkishusha mabegi, mmoja ana saa ya mkononi, mmoja anasoma Kiingereza bila kusogeza midomo. Barua tatu za jumuiya yetu mwaka huu nimeziandika mimi, na zilifika parokiani kabla ya nyingine zote. Lakini nilipoziandika mkono ulikuwa mzito.

Kwa hiyo, mwezi wa tatu, mkiona kijana mwenye unga kwenye nyusi anakuja mlangoni na mahindi mawili, msiniulize sababu. Yaleni mapema, yakiwa laini, mama yangu anangoja. Mwaka huu nimepanda mistari miwili zaidi.